Nani Ataifungua Mashine? Hotuba kwa Wahitimu wa Sayansi na Ufundi

Mheshimiwa mgeni rasmi, mkuu wa chuo, walimu, wazazi mliosafiri usiku kucha ili mfike hapa, na ninyi wahitimu ambao ndio wenye shughuli: nawasalimu nyote kwa heshima.

Nimeombwa nizungumzie nafasi ya sayansi na teknolojia katika kukuza uchumi wa nchi zinazoendelea. Nitafika huko. Kwanza nataka mkione hiki nilichokishika. Mlioko nyuma hamkioni, kwa hiyo nitakieleza. Ni kipande cha kaboni, cheusi, hakizidi ncha ya kidole changu. Mgongoni kina waya mwembamba wa shaba na springi. Mafundi tunakiita kaboni, wengine wanakiita brashi. Kazi yake ni kuegemea sehemu ya mota inayozunguka na kuipitishia umeme. Kila mota inapozunguka, kinasuguliwa na kulika. Kimetengenezwa kilike ili mota isilike. Kikiisha, umeme haupiti tena, na mota inasimama kimya.

Miaka kadhaa iliyopita niliitwa kwenye hospitali moja, sitaitaja jina, nikaangalie mashine ya kuzungusha damu, ile inayotenganisha chembe nzito na majimaji yake. Ilikuwa imesimama miezi minane. Niliikuta imefunikwa kitambaa cheupe kilichofuliwa na kupigwa pasi, kama kitu cha heshima. Kwenye faili la ofisi kulikuwa na barua tatu za kuomba mashine mpya. Kwa miezi yote hiyo sampuli za damu zilikuwa zikipakiwa kwenye gari kupelekwa hospitali nyingine, majibu yanarudi baada ya siku mbili au tatu, na mara nyingine mgonjwa ameshakwenda zake. Nikachomoa waya ukutani, nikalegeza skrubu za chini, nikatoa kaboni mbili. Moja ilikuwa imebaki nyembamba kama ukucha. Nikapangusa vumbi jeusi lililojaa ndani, nikaweka kaboni mpya, nikafunga. Kazi yote haikumaliza saa moja.

Dada aliyekuwa msimamizi wa maabara ile alisimama karibu yangu muda wote. Mashine ilipoanza kuvuma alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kumbe ni hiki tu?" Sauti yake ilikuwa na uchungu. Alikuwa na stashahada, alikuwa na uzoefu wa zaidi ya miaka kumi, na mikono yake ilikuwa mitulivu kuliko yangu. Lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kifuniko kile kinafunguka, wala kwamba yeye anaruhusiwa kukifungua. Alifundishwa kubonyeza. Kufungua hakufundishwa.

Ndugu wahitimu, hilo neno moja, kufungua, ndilo nililokuja nalo leo. Nimelibeba kwa miaka mingi, na kila nchi ninayosoma historia yake ya uchumi inanirudisha kwenye neno hilo hilo.

Msidhani ninakuza kisa cha hospitali moja. Mwaka 2011 mtafiti Robert Malkin na mwenzake walichapisha hesabu ya vifaa vya tiba zaidi ya laki moja katika nchi 16 zenye uwezo mdogo, wakakuta karibu asilimia 40 havifanyi kazi. Kazi nyingine ya Malkin, iliyotangulia hiyo kwa mwaka mmoja, iliangalia maombi ya matengenezo zaidi ya 2,800 kutoka nchi za namna hiyo. Vifaa karibu theluthi mbili viliweza kurudishwa kazini kwa ujuzi ambao mtu mwenye elimu ya sekondari anaweza kujifunza, na bila kuagiza vipuri kutoka nje. Fyuzi. Swichi. Plagi. Mpira uliopasuka. Betri. Naomba mkae na jambo hilo kidogo. Nchi inaandika kwenye bajeti yake kwamba ina upungufu wa mashine, kumbe mashine inazo, zimelala chini ya vitambaa.

Sasa nije kwenye uchumi. Mwaka 1957 mwanauchumi wa Marekani, Robert Solow, alijiuliza swali ambalo kwa sura yake ni jepesi. Kati ya mwaka 1909 na 1949 pato la saa moja ya kazi nchini mwake lilikuwa limeongezeka maradufu. Je, limeongezeka kwa sababu kila mfanyakazi alipewa mitambo na majengo mengi zaidi? Alipofanya hesabu alikuta wingi wa mitaji unaeleza sehemu moja tu kati ya nane ya ongezeko hilo. Sehemu saba zilizobaki zilitokana na kile alichokiita mabadiliko ya kiufundi, yaani watu kufanya kazi kwa maarifa bora zaidi. Mwaka 1987 alitunukiwa tuzo ya Nobel kwa kazi yake juu ya ukuaji wa uchumi. Mwenzake Moses Abramovitz, aliyekuwa ameona jambo hilo mapema kidogo, aliiita sehemu ile isiyoelezeka "kipimo cha ujinga wetu". Alikuwa mkweli. Hesabu ilionyesha kwamba maarifa ndiyo yanayovuta, ila haikuonyesha yanaingiaje kwenye nchi ambayo hayakuzaliwa humo. Hapo ndipo nchi zetu ziliposimama, na hapo ndipo tunapokosea mara nyingi. Tunadhani maarifa yanakuja yamefungwa ndani ya kontena pamoja na mashine.

Tazameni Korea Kusini. Mwaka 1960 pato la mtu mmoja pale halikufika dola 200 kwa mwaka. Vita vilikuwa vimemaliza viwanda na madaraja. Mwaka 1966 wakaanzisha taasisi ya utafiti, KIST, chini ya mwanasayansi Choi Hyung-sup, ambaye alikwenda mwenyewe kuwatafuta Wakorea waliokuwa wakifanya kazi ughaibuni na kuwaomba warudi nyumbani. Aliwaandalia nyumba, mishahara ya maana na maabara zinazofanya kazi, akawaambia matatizo yao ya kufanyia utafiti yatatoka viwandani. Wakarudi.

Lakini mfano ninaoupenda zaidi wa Korea ni wa gari. Mwaka 1975 Hyundai walianza kuunda gari dogo wakaliita Pony. Umbo lake lilichorwa na Mwitaliano, Giorgetto Giugiaro. Injini ilikuwa ya teknolojia ya Mitsubishi wa Japani. Kiongozi wa mradi alikuwa Mwingereza, George Turnbull. Mtu angeweza kucheka na kusema, hilo ni gari la Kikorea kwa jina tu. Wahandisi wao hawakujali. Walilifungua. Kila kilichokuja kutoka nje walikisoma, wakakipima, wakakichora upya, wakauliza kwa nini chuma hiki kina unene huu na kwa nini si pungufu. Miaka ya 1980 wakaamua kubuni injini yao wenyewe. Sampuli za mwanzo zilipasuka kwenye majaribio, moja baada ya nyingine. Hawakuacha. Injini hiyo, iliyoitwa Alpha, ilifika sokoni mwaka 1991. Hesabuni: kutoka 1975 hadi 1991 ni miaka 16 ya kufungua, kujifunza na kuanza upya. Mwanafunzi aliyeingia darasa la kwanza mwaka ule wa Pony angeweza kuwa kijana wa chuo siku Alpha inazinduliwa.

Nikisifu hayo sisemi kwamba tuige kila kilichotendeka kule. Korea ya miaka hiyo ilikuwa chini ya utawala wa kijeshi, na wafanyakazi wake walibanwa na kuumizwa. Ninachosifu ni subira ya kulipa gharama ya kujifunza, kwa miaka, kabla ya kuona faida. Serikali nyingi hubadilisha mpango kila zinapobadilisha waziri, na injini haiwezi kuzaliwa kwa namna hiyo.

Kuna kisa kingine kinachohusu Wakorea, ila mashujaa wake ni watu wa Bangladesh. Mwishoni mwa miaka ya 1970 kampuni moja changa ya Bangladesh, iliyoitwa Desh, iliingia mkataba na Daewoo ya Korea. Bangladesh ilikuwa haijatimiza miaka kumi, na kiwanda cha kushona nguo za kuuza nje kilikuwa kitu kigeni. Desh ikapeleka wafanyakazi 130 kiwandani Busan, wakakaa huko miezi sita. Walijifunza kushona, ndiyo, lakini walijifunza pia namna ya kupanga mstari wa cherehani ili kola isimsubiri mikono, namna ya kukagua kosa kabla halijafika mwisho wa mstari, namna ya kusoma agizo la mnunuzi na kuandaa karatasi za benki. Wakarudi nyumbani wakaanza kazi. Kisha ukatokea mkasa ambao mwenye kiwanda yeyote angeulilia: katika miaka iliyofuata, watu 115 kati ya wale 130 waliondoka Desh. Wengine walianzisha viwanda vyao, wengine waliajiriwa na viwanda vilivyokuwa vinachipuka. Desh iliumia. Bangladesh ikapata sekta nzima. Leo ni miongoni mwa wauzaji wakubwa kabisa wa nguo duniani, na nguo ndizo sehemu kubwa ya mauzo yake ya nje. Cherehani hazikutembea kutoka kiwanda hiki kwenda kile. Waliotembea ni wale 115.

Na hapo pia nisipite bila kusema ukweli wote. Mwaka 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka karibu na Dhaka na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao wanawake waliokuwa kwenye cherehani. Nyufa zilikuwa zimeonekana siku moja kabla. Mhandisi alisema jengo si salama. Wafanyakazi wakaambiwa warudi ndani. Ninawaambia hili ninyi wahandisi na mafundi sanifu kwa sababu kuna siku mtaona ufa, na mtu mwenye cheo atawataka mnyamaze. Wahenga waliposema usipoziba ufa utajenga ukuta, walikuwa wanazungumza na mwenye nyumba aliyebaki hai.

Baadhi yenu mmesoma baiolojia na kilimo, na huenda mnajisikia kama hotuba hii ni ya watu wa bisibisi. Hapana. Sayansi yenu nayo hufungua, tena wakati mwingine hufungua mlango mkubwa kuliko wote.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mdudu mgeni aliingia Afrika ya Kati. Alikuwa kidung'ata wa muhogo, mweupe kama aliyepakwa unga. Alifyonza vikonyo vya muhogo mpaka majani yakajikunja na mashina yakadumaa. Katika muda mfupi alikuwa ameenea nchi baada ya nchi, na muhogo ulikuwa chakula cha mamilioni ya watu. Dawa za kunyunyizia zingewezekana kwa tajiri mwenye shamba moja, si kwa wakulima wadogo waliotapakaa bara zima. Katika taasisi ya utafiti wa kilimo, IITA, kule Ibadan, Nigeria, mtaalamu wa wadudu kutoka Uswisi, Hans Herren, na wenzake wakauliza swali la mtu anayejua viumbe: mdudu huyu anatoka wapi, na huko kwao nani anamla? Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo wakaanza kutafuta huko. Mwaka 1981 mdudu akaonekana Paraguay, na pamoja naye wakampata adui yake: nyigu mdogo mno, hafiki hata milimita mbili, anayetaga yai ndani ya mwili wa kidung'ata. Kiluwiluwi kinakula kutoka ndani, na nyigu mpya anatoka.

Wakamchunguza kwanza katika karantini Uingereza ili kuhakikisha hatageuka balaa jingine. Hatua hiyo msiiruke kamwe. Mwishoni mwa mwaka huo huo wa 1981 wakaanza kumwachia katika mashamba ya Nigeria. Kisha wakamzalisha kwa wingi, wakafundisha watu katika nchi nyingi namna ya kumlea, wakamwachia mwingine hata kwa ndege kutoka angani. Nyigu akaenea katika nchi takribani 30. Vidung'ata wakapungua hadi kiwango ambacho muhogo unaweza kukivumilia. Mkulima hakulipa kitu. Wengi wao mpaka leo hawajui kwamba kuna mtu aliyewahi kuwasaidia. Herren alipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka 1995.

Na kuna mwendelezo ambao wengi hawausimulii. Mdudu yule yule alipofika Thailand na kuanza kuharibu mihogo yao mwaka 2008 na 2009, Thailand haikulazimika kuanza upya Paraguay. Nyigu walitoka kituo cha IITA kilichoko Benin. Maarifa yalitoka Afrika kwenda Asia, yakiwa yamehifadhiwa na watu waliokuwa wameendelea kufanya kazi hiyo kimya kimya kwa miaka karibu 30 baada ya makofi kuisha.

Hakuna kampuni ambayo ingefanya kazi hiyo kwa faida, kwa sababu nyigu anayejizalisha mwenyewe huwezi kumuuzia mtu mara mbili. Ndiyo maana nabishana kila siku na wanaosema utafiti uachiwe soko. Soko lina kazi zake, nami naziheshimu. Lakini kuna maarifa ambayo yakiachiwa soko hayazaliwi.

Brazil walilielewa hilo. Wana eneo kubwa la nyika linaloitwa Cerrado, hekta karibu milioni 200, ambalo kwa muda mrefu lilionekana halifai kwa kilimo. Udongo wake una tindikali kali, na tindikali hiyo inaiyeyusha aluminiamu iliyomo ardhini ikawa sumu kwa mizizi. Mwaka 1973 wakaanzisha shirika la utafiti, Embrapa, wakapeleka mamia ya vijana kusoma nje na kuwarudisha. Dawa ya udongo ilikuwa chokaa, kwa mamilioni ya tani, pamoja na fosfati. Soya ilikuwa kazi ngumu zaidi. Mmea huo unahesabu urefu wa mchana ili kujua wakati wa kutoa maua. Ukiupeleka karibu na Ikweta unachanganyikiwa, unachanua ukiwa bado mfupi, na mavuno hakuna. Wazalishaji wa mbegu walitafuta aina zinazochelewa kuchanua, wakazichanganya, mwaka baada ya mwaka. Na mwanamke mmoja aliyezaliwa Chekoslovakia akahamia Brazil, Johanna Döbereiner, alikuwa amepigania kwa miaka kwamba soya yao itegemee bakteria wa mizizini wanaonasa naitrojeni kutoka hewani, badala ya mbolea ya kununua. Alisikilizwa, na nchi ikaokoa fedha nyingi sana za kigeni kila msimu. Leo Brazil inaongoza duniani kwa kuzalisha soya. Gharama ipo: sehemu kubwa ya uoto wa asili wa Cerrado umetoweka, na mito yake inadai. Wanasayansi wa kizazi chenu ndio watakaolipa deni hilo, kwa maarifa zaidi.

Nimalizie mifano kwa jambo ambalo halina mvuto, nalo ndilo linalonikosesha usingizi: kupima. Ugezi, yaani kuhakikisha kwamba mizani na vipimajoto na mashine za maabara zinasema kweli. Hakuna mwanasiasa anayekata utepe kwa ajili ya maabara ya ugezi. Lakini kumbukeni mwaka 1999. Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Ziwa Victoria kutoka Kenya, Tanzania na Uganda baada ya habari kwamba baadhi ya wavuvi wanatumia sumu kuvulia. Sangara walikuwa wanaingiza fedha nyingi za kigeni. Viwanda vya minofu vikasimama au vikapunguza watu, na wavuvi wengi ambao hawakuwahi kugusa sumu wakabaki na nyavu mikononi. Kusema "samaki wetu ni safi" hakukusaidia kitu. Ilibidi kuthibitisha, kwa maabara ambayo mnunuzi anaiamini, kwa wakaguzi waliofunzwa, kwa kumbukumbu zinazoonyesha samaki huyu ametoka mwalo gani. Mambo hayo yalipojengwa, soko likafunguliwa tena. Ziwa ni lile lile na samaki ni wale wale. Kilichoongezeka ni uwezo wa kupima na kuaminika.

Mtaniuliza, mbona husemi habari za simu? Nasema. Mwaka 2007 huduma ya M-Pesa ilianza Kenya kwa simu za kawaida kabisa. Majaribio yake ya awali yalikuwa ya kurejesha mikopo midogo. Watu wakaanza kuitumia kutumiana fedha, na waliokuwa wakiendesha majaribio walikuwa na busara ya kutazama na kufuata. Utafiti wa Tavneet Suri na William Jack wa mwaka 2016 ulikadiria kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 katika umaskini. Hata hapo, aliyeifungua teknolojia ni mtumiaji mwenyewe, alipoipa kazi ambayo haikupangwa.

Mheshimiwa mgeni rasmi, kwa ruhusa yako nikugeukie wewe. Mwaka 1980, katika Mpango wa Lagos, viongozi wa Afrika walikubaliana kuelekea kutenga asilimia moja ya pato la taifa kwa sayansi na teknolojia. Mwaka 2007 wakakutana Addis Ababa wakasema tena asilimia moja. Nchi nyingi za bara hili bado hazijafika hapo, wakati Korea Kusini inatumia takribani asilimia tano. Natamani tufike. Lakini najua fedha hazitoshi, na kwa hiyo naomba mambo ambayo hayahitaji kusubiri asilimia moja. Mkataba wowote wa kununua mashine ya umma udai kitabu cha ufundi, si kile chenye picha za vitufe tu, bali kile chenye michoro ya ndani. Udai vipuri vya miaka ya mwanzo na mafunzo kwa watu wawili wa kituo kile, wasiwe maofisa wa makao makuu. Fungu la matengenezo liwe na mstari wake kwenye bajeti, lisiwe la kwanza kukatwa mafuta ya magari yanapopungua. Na fundi sanifu awe na ngazi ya kupanda. Nimeona vijana hodari wakiacha karakana kwenda kuwa makarani kwa sababu karani anapandishwa cheo na fundi hapandishwi. Tunawafundisha kufungua mashine, kisha mishahara yetu inawafundisha kuzikimbia.

Na lugha. Korea na Japani mwanafunzi wa uhandisi mara nyingi husoma kwa lugha ambayo mama yake anaielewa. Dada yule wa maabara alikuwa na kitabu cha mashine kwenye droo. Kilikuwa kwenye plastiki yake, hakijafunguliwa, kimeandikwa kwa lugha ambayo aliisoma ili kufaulu mtihani na hakuwahi kuitumia kubishana na mtu. Mtu hawezi kukiuliza kitabu maswali kwa lugha ambayo anaogopa kukosea. Kati yenu wapo wenye karama ya kuandika: andikeni miongozo ya mashine kwa lugha wanayozungumza watu wanaozitumia. Ukurasa mmoja uliobandikwa juu ya mashine unaweza kuokoa miezi minane.

Wahitimu, kesho kutwa mtaripoti kazini, baadhi yenu mahali ambapo mtakuta chumba cha nyuma kimefungwa kwa kufuli. Ombeni ufunguo wake. Mtakuta humo vitu vilivyoandikwa "mbovu" na mtu aliyestaafu zamani. Mchomoe waya kwanza, msubiri chaji iishe, mpige picha kabla ya kulegeza skrubu ya kwanza ili mjue kila kitu kilikaa wapi. Andikeni mlichokikuta hata kama hamkufanikiwa, ili anayekuja baada yenu asianze sifuri. Mkishindwa, semeni mmeshindwa. Wale wa Alpha walivunja injini nyingi na bado waliamkia kazini.

Nimekuja na mota mbili za mashine za kuzungusha damu, zile zilizotupwa. Zipo kwenye meza ile ya nyuma, karibu na mlango. Moja imekufa kwa kaboni, nyingine sijui ina nini. Niliacha makusudi kuichunguza. Bisibisi zipo, kipima umeme kipo, taa ipo. Kaboni mpya ziko kwenye kopo la bluu. Ningeomba waanze wadogo zenu wa mwaka wa kwanza, na ninyi wahitimu msimame nyuma yao, mikono yenu mkiiweka mifukoni mpaka wawaulize.